Jalada la Mzee Taratibu

Jumatatu, 4 Agosti

Waraka umeshuka kutoka juu. Uchumi umeanguka, chuo hakina hela, watu arobaini wapunguzwe. Kanuni: aliyeingia mwisho anatoka kwanza. Na nani atatoa majalada yao? Masjala. Yaani mimi! Miaka kumi na mbili nimeyatunza, leo nayapanga kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Jumatano, 6 Agosti

Afisa utumishi amemaliza orodha. Akanitania: nimeponea chupuchupu, mimi ndiye wa arobaini na moja. Nikacheka naye. Aibu.

Nyumbani nikamwambia baba watoto. Akakaa chini, akashusha pumzi. Tangu kiwanda chao kifungwe, tunaishi kwa mshahara wangu tu.

Wa arobaini ni Mzee Taratibu, fundi wa maabara ya kemia. Jina walimpa wanafunzi, kwa kuwakemea kila siku: "Taratibu! Glasi haishonwi!" Anastaafu mwakani. Akitolewa sasa, pensheni ndiyo basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kuna kitu kinanikera tangu jana. Siku yangu ya kwanza chuoni, Mzee Taratibu ndiye aliyenionyesha mlango wa masjala. Sasa ameingiaje baada yangu?

Nikafungua jalada lake. Folio ya kwanza — ile karatasi ya chini kabisa, ambayo kwa kila mtu ni barua ya ajira — kwake ni barua ya kuthibitishwa kazini. Tarehe yake ni miezi mitano baada ya mimi kuanza. Na namba iliyoandikwa juu yake, 1, ni mwandiko wangu.

Nikakumbuka. Jalada lake la zamani lilichanika, nikamfungulia jipya. Nilikuwa mgeni wa kazi. Nikahamisha karatasi za juu tu, za chini nikaziacha. Orodha imefuata kosa langu.

Ijumaa, 8 Agosti

Stoo. Boksi la tatu, nyuma ya viti vibovu. Barua ya ajira ipo! Yeye akitoka kwenye orodha, naingia mimi. Lo, afadhali ningekuta panya wameitafuna.

Nimeandika hivyo kweli? Nimeandika.

Baba watoto kasema nisijipalie makaa. Eti kosa la miaka yote hiyo si kosa tena. Kisha akaenda kuanika nguo za watoto. Nimemkasirikia. Amesema kile kile nilichokuwa nakiwaza.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa nne asubuhi. Orodha inatiwa saini mchana.

Mzee Taratibu amekuja dirishani. Koti la maabara limepigwa pasi. Nikamwamkia. Amesikia maneno, anaomba nimwangalizie.

"Binti yangu, kumbukumbu zangu zimechoka. Wewe ndiye unayejua nilianza lini. Ukisema ni hivyo, basi ni hivyo. Nitaenda zangu."

Ukisema ni hivyo! Angenifokea ningepumua.

Nimemwambia asubiri kwenye benchi la nje. Yuko pale, namwona magoti. Naogopa. Sitaki kutoka hapa. Hii meza naijua hadi droo inayokwama, watoto wangu wanakula kwa hii meza.

Namba za folio tunaziandika kwa wino mwekundu, haufutiki. Barua ya ajira nimeirudisha chini kabisa. Nimeandika 1. Iliyokuwa 1 nimeikata, sasa ni 2. Kisha 3. Zote thelathini na moja lazima zisogee. Naandika humu kila ninaposubiri wino ukauke, halafu narudi kule.

Simu. Katibu muhtasi wa mkuu wa chuo: majalada arobaini yapelekwe juu sasa hivi. Nikasema yaliyo tayari ni thelathini na tisa. Akauliza, la arobaini ni la nani?

Nimemwomba dakika kumi. Nimefika folio ya tisa —