Amri ya Kung'oa Gugu Imekuja kwa Jina Lako

Mama,

Serikali imekuandikia barua. Mzee wa mtaa aliileta hapa nyumbani Uriri, miezi saba baada ya kukuzika, kwa sababu shamba bado liko kwa jina lako. Unaamriwa ung'oe gugu karoti kabla halijatoa maua, ndani ya siku kumi na nne, la sivyo upelekwe kortini. Nilicheka mpaka mke wangu akaogopa.

Gugu lenyewe unalijua. Ni yale majani yaliyoota baada ya malori kumwaga udongo wa murram barabarani, ukasema, "Haya hayatatuacha." Wenye malori hawajaandikiwa barua na mtu. Sasa limemaliza malisho, maziwa ya ng'ombe wako yamekuwa machungu, na mikono yangu inawasha usiku na mchana.

Siku kumi na nne zilitosha, Mama. Hilo ndilo linaniuma. Ulikuwa unaingia shambani kwanza, unapiga jembe mara tatu, kisha unatuita: "Nimefungua, ingieni." Kabla yako hakuna aliyegusa palizi. Sasa hiyo ni kazi ya kaka Ouma, kwa kuwa ndiye mkubwa. Wakati wa kupanda alikuja, akafungua, akapiga picha, akarudi zake Homa Bay. Safari hii nikampigia simu, akasema, "Usiguse kitu mpaka nije." Nami nikangoja, nikiogopa chira, ile laana ya kumtangulia mkubwa uliyotutisha nayo tangu utotoni. Mwanaume mzima, nimekaa mlangoni na jembe, naangalia gugu likichanua maua meupe. Kila siku nilimpigia. Kila siku ilikuwa kesho.

Siku ya kumi na tano akaja afisa, na vijana watatu wenye pampu za dawa mgongoni. Nikamwomba siku moja tu. Akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Wakanyunyiza shamba lote, na mtama wako humo humo, ule ambao mbegu yake ulikuwa ukiitundika juu ya meko kila mwaka. Nilikuwa nimeipanda yote. Haikubaki hata konzi.

Ouma alifika Jumapili na soda mkononi, akauliza mbona mtama umekauka.

Kaburi lako hawakulinyunyiza, nadhani waliona haya. Gugu likastawi pale, wapita njia wakadhani tumekupandia maua. Leo asubuhi nimeling'oa kwa mikono, shina kwa shina, bila kumngoja mtu. Nililia, sitakuficha. Palizi yangu ya kwanza bila wewe imekuwa juu yako.

Msimu ujao nitafungua shamba mimi. Ouma anune, wazee waseme, na chira ikija inikute nikilima. Mbegu yako sina, hiyo siwezi kukuahidi.

Pumzika, Mama. Afisa akirudi nitamwonyesha kaburi, nimwambie mwenye shamba ametii amri. Kwake ni safi.

Mwanao,
Odhiambo