Mto Juu ya Kiti cha Baiskeli

Mwanangu,

Pokea salamu za mama yako. Natumaini u mzima huko jikoni kwa watu, na wewe mwenyewe unakula, si kupakulia wengine tu. Sisi wazima, ukiondoa tako langu la kulia.

Usicheke. Nimezaa, nimezika, sina aibu ya kutaja tako. Maumivu yanaanzia hapo, yanashuka nyuma ya paja kama waya wa moto hadi unyayoni, kisha mguu unakufa ganzi. Muuguzi alisema mshipa umebanwa, niache baiskeli miezi mitatu, nitembee na kujinyoosha. Nikamuuliza kama ni yeye atakayepeleka maziwa nyumba kumi na nne. Nikashona mto wa sponji, nikaufunga juu ya kiti. Fundi baiskeli akanionya kwamba nimejipandisha mno, na breki yangu ni ya kukanyaga nyuma, mguu hautafika. Nikamjibu kwamba nilianza kuendesha kabla mama yake hajaota meno.

Sasa kama umesimama, kaa. Kwenye simu ungenikata maneno, nami ningepata upenyo wa kudanganya tena.

Nilikwambia binti yako, Bi Maneno wetu, alivunjika mkono langoni mwa shule, mlinzi akiwa amesinzia. Ukawaka, ukampigia mwalimu mkuu, ukataka mlinzi afukuzwe. Kikao ni Ijumaa. Mlinzi anaapa hakuona mtoto akianguka, na hakuna anayemwamini. Jana mkewe alikuja kuniomba nimtetee, maana mimi ni mtu mzima, watanisikiliza. Nilikuwa namimina maziwa. Nikayamwaga yote mezani.

Hakusinzia, mwanangu. Mtoto nilimwangusha mimi. Nilimpakia nyuma, tukafika kwenye ule mteremko kabla ya shule, mguu ukafa. Nikakanyaga nyuma, kumbe nakanyaga hewa. Tukaingia mtaroni. Sikuona damu, nikampangusa vumbi, nikamwambia akiulizwa aseme kaangukia langoni. Nilijua ukisikia utaninyang'anya baiskeli. Mchana mkono ukavimba, na uongo ukawa umeshatangulia. Tangu hapo mtoto akimwona mlinzi anainamisha kichwa. Yeye, asiyenyamaza hata akiwa usingizini!

Nigombeze, nimestahili. Lakini mpigie mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa, ulirudishe neno lako. Langu nitalirudisha mwenyewe. Baiskeli nimempelekea fundi, nikamwambia alikuwa sahihi, naye kwa adabu hakucheka. Nitakwenda kikaoni kwa miguu, pole pole. Watanipa kiti, nitakikataa. Kukaa kunanichoma, na maneno yale nataka mlinzi na mkewe wayasikie nikiwa nimesimama.

Wasalimie wapishi wenzako. Bi Maneno anakusalimu sana. Leo asubuhi nilimruhusu aseme kweli, na tangu hapo hajafunga mdomo, masikio yananiuma kuliko tako.

Ni mimi mama yako,
niliyekulea nikikukataza uongo.