Ng'ombe wa Mzee wa Usangu

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Iringa baridi ni kali, ila babu yako hataki kuvaa sweta uliyomletea. Eti ni ya kanisani.

Umeniuliza mgonjwa wa kipimo cha utumbo, kile cha bomba la kuingizwa nyuma, afanyweje hapo hospitalini kwenu, maana mnampa dawa kidogo ya usingizi na bado anajikaza. Miaka ya sabini, nikiwa nesi mpya Mbeya, tulimpokea mfugaji mzee kutoka Usangu. Alikuwa akitoka damu kwenye haja kubwa, na kipimo alishakikataa mara mbili. Baada ya sindano ya kumtuliza nikamwambia, "Babu, usiogope."

Akafoka, "Nani kakwambia naogopa?" Akakakamaa, daktari akashindwa kuingiza bomba.

Kumbe ilikuwa aibu, mama, kulala uchi mbele ya binti kama mjukuu wake. Nikahamia kichwani kwake, nikakaa, daktari nikampa mgongo, nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Akaanza kuwataja taratibu, kila mmoja kwa jina lake, mwili ukilegea. Alipofika wa tisa, daktari alikuwa amemaliza.

"Tayari, babu," nikasema, nikainuka.

Akanishika mkono. "Unakwenda wapi? Bado ndama."

Nikakaa tena.

Bibi yako akupendaye