Vidonge vya Mke Wangu Ninavimeza Mimi

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko, vidole vimekakamaa. Mimi ni fundi rangi, kazini wananiita Chuma, mke wangu ni fundi cherehani, na miaka minne iliyopita daktari alimwambia ana fibromayalgia, ule ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu usioisha hata ulale vipi, na mimi siku hiyo nilicheka, nikasema huo ni ugonjwa wa kudeka, mtu anashinda kwenye kiti anachoka nini, tena niliyasema mbele ya shemeji zangu. Sasa tangu mwaka jana yamenipata mimi, nikipaka dari mabega yanawaka, shati likinigusa naumia, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nasahau hata rangi niliyoagizwa, lakini nitamwambia nani, maana nijuavyo huo ni ugonjwa wa wanawake, na Chuma akisema anaumwa kila mahali, watu watacheka mpaka wakae chini. Basi nikaanza kuchukua vidonge vyake kwenye kopo, leo kimoja, kesho viwili. Ameona vinapungua, anadhani anameza mara mbili na kusahau, kwa hiyo anajinyima, na juzi nimemkuta ameinamia cherehani analia kwa maumivu. Jana akanikabidhi kopo. "Baba watoto, akili imeanza kunitoka," akasema. "Nitunzie wewe, wewe ndiye mzima humu ndani." Nimechoka, mshauri. Nifanye nini? Na tafadhali usitaje jina langu halisi, gazeti hili analinunua yeye, akishalisoma analikata kuwa vipimo vya magauni.

Chuma

Marahaba, Chuma. Pole sana, na hiyo pole naitoa kwa moyo, maana maumivu yako ni ya kweli. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Nani kakwambia ugonjwa huvaa sketi? Wanawake ndio wengi wanaoambiwa wanao, hilo kweli. Lakini wanaume nao huupata, na wengine hawajulikani kwa sababu wakifika kwa daktari wanasema "mgongo kidogo tu," kisha wanarudi kupanda ngazi. Mkeo alisema, akachekwa, na aliyemcheka ni wewe. Kicheko chako mwenyewe ndicho unachokiogopa leo.

Dawa aliyoandikiwa mwingine si yako. Nenda hospitali wiki hii, utaje kila panapouma na kila kidonge ulichomeza, usipunguze hata kimoja. Huenda ni ugonjwa huohuo, huenda ni mwingine, wewe si daktari na mimi pia si daktari. Na shemeji zako uwatafute, uyafute yale maneno palepale ulipoyasemea.

Hayo yanaweza kungoja kesho. Leo hii, kabla mkeo hajafika ukurasa huu na mkasi wake, mrudishie kopo mkononi. Usianze na habari za mabega yako, zitapata zamu yake. Anza na hili: "Mke wangu, hukusahau. Akili yako ni nzima."