Mama Mkwe Hataki Kuondoka Mpaka Mwenyekiti Afe

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie haraka kabla baba mkwe hajashuka mlimani kuja kumchukua mkewe, maana nimejiingiza mahali nisipojua nitatokaje, na kila niliyejaribu kumweleza amecheka kabla sijafika katikati.

Naitwa Idrisa, ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro mjini, naishi Kihonda na mke wangu Editha, ambaye kwao ni huko juu Mgeta, wakulima wa kabichi na njegere, Wakatoliki wa kuwahi misa ya alfajiri, na mimi kama jina langu linavyokuambia ni Mwislamu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumbadilisha mwenzake dini tulifunga ndoa bomani, na mama yake, Mama Paskalia, hakuja. Baba mkwe, Mzee Benedikto, alikuja, akala pilau, akanishika mkono. Mama tangu siku hiyo hakuwahi kunisemesha. Nikisema shikamoo ataitikia marahaba, maana ana adabu zake, lakini hapo ndipo mwisho, mengine yote yanapitia kwa mke wangu hata kama nimekaa mbele yake: "Editha, muulize mwenzio kama ameshiba." Nami namjibu Editha, na Editha anapeleka. Miaka imekwenda hivyo.

Sasa mwaka huu masika yakielekea kuisha Mama aliteleza shambani, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa hogo la plasta hadi gotini, na daktari akasema asirudi kwenye milima mpaka mfupa ushike, ndipo akaletwa kwetu, akakalishwa kwenye kochi sebuleni, mguu juu ya stuli, akiutazama ukuta. Shule zilipofungwa nikawa nacheza gemu hapo hapo mbele yake, kwa sababu TV ni moja. Ni gemu la mapanga na mazimwi, una mtu wako unatembea naye kwenye nchi kubwa, mnapigana, anaongezeka nguvu, na mwaka huu imetolewa sehemu yake ya nyongeza, nchi mpya kabisa, ngumu kuliko gemu lenyewe, ambako hata kunguru anaweza kukuua. Nami nilikuwa nakufa sana. Mama akatazama, akatazama, halafu akamwita mke wangu: "Editha, mbona mwenzio anauawa na mtu yule yule kila mara? Kwani hakuna njia nyingine ya kupita?"

Editha alikuwa anakaanga samaki na hakuwa na muda wa kupeleka maneno. Akatoka jikoni mikono ina unga, akachukua padi ya pili ya kuchezea kwenye droo, akampa mama yake. "Mama, msaidie basi."

Mshauri, hapo ndipo mambo yalipoanza. Mama alichagua jibaba lenye kipara na nyundo kubwa, akasema huyu anaonekana amezoea kulima, na mimi mtu wangu ni binti mwembamba mwenye upinde. Mwanzoni alikuwa anapiga ukuta, anatumbukia mtoni, anaua mbuzi wa watu, nami namfuata nyuma nimenyamaza, maana utamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea? Hata akifa siwezi kumwambia umekufa, nasema, "Mama, pumzika kidogo, nakuja." Kuna siku mshale wangu ulimpata mgongoni, nikaweka padi chini, nikapiga magoti kumwomba radhi, na zimwi likatumaliza wote wawili nikiwa bado sakafuni. Lakini siku hiyo hiyo, tulipoanza tena, nyoka mkubwa alitokea nyuma yangu, sikumwona, na Mama akasema, si kwa Editha, kwangu, "Ruka, baba. Ruka." Nikaruka. Editha alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele, akageuka akarudi jikoni, na nilipomfuata nilimkuta analia.

Tangu hapo tunazungumza. Kwanza yalikuwa mambo ya gemu tu, nani atangulie, nani abaki na dawa, kisha tukisubiri lifunguke akawa ananiuliza nafundisha somo gani, mama yangu mzazi alifariki kwa ugonjwa gani, na Ijumaa moja nilikuwa nimejisahau kabisa, akanikumbusha muda wa msikiti, akasema tutaendelea nikirudi.

Mwisho wa hiyo nyongeza kuna jitu limekaa kwenye kiti cha mawe. Mama amelipa jina Mwenyekiti, kwa sababu limekalia kiti, halitaki kutoka, na ukilisogelea na shida yako linakupiga. Hogo limeshatolewa, Mama anatembea vizuri, anafika hadi sokoni, na huko juu kabichi zimefunga zinasubiri mvunaji. Mzee Benedikto anapiga simu, Mama anamjibu, "Nikimalizana na Mwenyekiti nakuja," na Mzee, ambaye hajui kwamba hilo ni gemu, akaomba anipate mimi. "Mkwe, mke wangu ana kesi gani na mwenyekiti wa mtaa wenu? Nije?" Nikamwambia si kesi, Baba, ni mambo yanaelekea kuisha.

Ukweli ambao hata Editha haujui ni huu, kwamba Mwenyekiti angekuwa ameshakufa. Tumewahi kumfikisha mahali amebakiza uhai kama uzi, mshale ninao mkononi, na siuachii. Najifanya nimebonyeza vibaya. Naogopa kwamba Mwenyekiti akifa, Mama atafunga begi lake apande mlimani, na akishafika kule atakuwa yule yule wa zamani, na mimi nimeshazoea kuitwa baba. Na isitoshe, siku nyingine sifanyi makusudi, Mwenyekiti ananiua kweli, maana anapokaribia kufa ananyanyua kile kiti chenyewe anakirusha, na hapo sijapata dawa yake. Kwa hiyo naomba unisaidie mambo mawili: namna ya kumuua Mwenyekiti, na kama nimuue.

Idrisa, Kihonda


SHANGAZI ROSE ANAJIBU

Marahaba, Idrisa. Nilianza kuisoma barua yako nikicheka hadi mhariri akaja kuuliza kuna nini, nikafika pale Editha analia jikoni, nikaacha. Pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Nianze na lililo jepesi. Mimi gemu silijui. Nilikwenda kwa Geofrey, baba mmoja mwenye banda la gemu karibu na stendi, ambaye nyongeza hiyo ameimaliza, nikamsomea barua yako bila jina. Akaniuliza, "Hao wamekwenda kwa Mwenyekiti moja kwa moja, au walizunguka kwanza?" Anasema wengi huingia nchi hiyo mpya na kiburi cha nguvu walizopata kule mwanzo, na humo hazisaidii sana. Vimefichwa vitu vya kuwaongezea nguvu mapangoni, kwenye magofu, hata kwenye matope ambako hakuna anayependa kupita. Rudini mkavitafute, ndipo mwende.

Mkishafika, acha pupa. Ukimpata mara moja ondoka, usitake ya pili na ya tatu. Ukipigwa usikimbilie dawa, anakusubiri ufanye hivyo hivyo. Kwepa kwanza, utakunywa ukiwa mbali. Na akinyanyua kiti usirudi nyuma, maana kiti kinakufuata. Mkimbilie yeye, upite chini ya mkono wake. Geofrey anasema hapo ndipo watu wazima wanapolia, kwa sababu mwili unakataa kukimbilia kitu kinachotaka kukuua. Mama yako mwenye nyundo akae mbele amshughulishe, wewe mwembamba uzunguke mgongoni. Najua utasema huwezi kumtanguliza mama mkwe kwenye zimwi. Mtangulize. Na mkiona mmeanza kukasirika, zimeni TV mkale.

Sasa hilo la pili, ambalo limenifanya nitamani kujua jina la baba yako ili nikuite kwa majina yote. Mama wa watu ana shamba linamngoja na mume anayejipikia, anakaa hapo akijitahidi na vidole ambavyo havijazoea hivyo vibonyezo, na wewe unamrudisha mwanzo kwa hila. Unampigia magoti kwa mshale wa kwenye TV, halafu unamdanganya mchana kweupe, na bado unajiita mwenye heshima.

Tena umemdhania vibaya. Unafikiri gemu ndilo lililomfanya akusemeshe, na likiisha naye ataisha. Gemu halimuulizi mtu mama yake alifariki kwa ugonjwa gani, Idrisa. Halimkumbushi mtu msikiti. Ni yeye huyo. Alikuwa anatafuta pa kuingilia, akapapata.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii mpigie Mzee Benedikto, mweleze huyo mwenyekiti ni nani, kabla hajapoteza nauli. Kisha zima TV, kaa karibu na Mama, mwambie ulichokuwa ukifanya na kwa nini. Maneno machache. Usimtume Editha, na usisubiri mpaka mko katikati ya mapigano ndipo uyatupie hapo.

Wasomaji wangu, kwa kuwa Mzee alikuwa tayari anaulizia gari la kushukia mjini, jibu hilo nilimtumia Idrisa kwa simu bila kungoja gazeti. Jana ameniandikia, na ameniruhusu niweke hapa aliyoyaandika.

"Shangazi, nilimpigia Mzee nikamweleza. Akauliza kama huyo Mwenyekiti ana mbwa. Nikasema hana. Akasema basi tutamweza, lakini tufanye haraka.

"Nikazima TV. Nikamwambia Mama, 'Mama, nimekuwa nashindwa kwa makusudi.' Nikamwambia naogopa akirudi kwao tutaanza upya kunyamaziana. Akasema, 'Na mimi juzi nilipotumbukia shimoni, ulidhani ni bahati mbaya?'

"Nikasema nilidhani vidole vimechoka. Akasema, 'Kwa vidole hivi tunapalilia shamba zima mimi na Mzee.' Akaniambia naye kila tukikaribia kummaliza Mwenyekiti alikuwa anatafuta pa kuangukia. Alikuwa anawaza kwamba akishafika kijijini hatakuwa na sababu ya kunipigia simu, na neno la ile siku ya harusi bado halijamtoka kinywani. Hapo likamtoka. Alisema alipaswa kuja, na kwamba alikuwa ameshashona gauni, akakaa nalo nyumbani siku nzima amelivaa. Nikasema asante, Mama. Editha akaingia akatukuta hivyo, ikabidi tumweleze yote. Akatuita wajinga wote wawili, akakaa katikati yetu.

"Basi tukaizunguka ile nchi kama Geofrey alivyoelekeza, tukaokota kila kilichofichwa, na tuliporudi kwa Mwenyekiti nilimtanguliza Mama. Mwenyekiti aliponyanyua kiti, Mama akasema, 'Twende,' tukamkimbilia. Nilifumba macho, Shangazi, nilibonyeza tu. Nilipofumbua alikuwa chini. Hakuna aliyepiga kelele. Mama aliweka padi mezani, akajifuta mikono kwenye kanga, nami moyoni nikasema haya, ndiyo imekwisha.

"Akasema, 'Kwetu hujafika hata siku moja. Jumamosi tunavuna. Utakuja?'

"Nimesema nitakuja. Sasa nishauri, niende na nini?"

Idrisa, nenda na sukari, na mfuko wa mchele wa Dakawa, mzuri, ule wenye harufu. Sweta beba, usijifanye kijana, huko juu baridi inaingia hadi mifupani. Hizo raba zako nyeupe ziache Kihonda, vaa buti za kuingilia matopeni, kwa sababu mguu mmoja uliovunjika kwenye ukoo huo kwa mwaka huu unatosha. Ukifika anza kusalimia kwa bibi aliye mkubwa kuliko wote, na kama hujui ni yupi, mpigie Mzee simu njiani umuulize. Mwambie Mama mapema kwamba utahitaji pa kuswalia, ili akuandalie kabla wageni hawajajaa. Usikae kwenye kiti ukingoja chai. Kamata kisu ukakate kabichi na wenzako. Wakikuambia ulale, lala. Usinianzie habari za kuwahi gari, shule bado zimefungwa.

Na wewe Mama Paskalia, kama gazeti hili limekufikia huko: lile tenga la kabichi lililo zito kuliko yote mpe huyo mkwe wako.