Kaburi Lake

Jumapili, 3 Agosti 1997. Masese

Nimezihesabu karata tena. Mia mbili na sita. Docus naye ana mia mbili na sita, kule Mbale. Katoni nzima ilikuwa mia nne kumi na mbili, aliyotuachia yule injinia wa bwawa siku alipokuja kuchukua redio yake niliyomtengenezea, aende kwao. Tuligawana Januari, magereza walipomhamisha Docus, askari wao. Yeye moja, mimi moja, hadi zikaisha. Haki kama ya mahakamani!

Haki gani. Mimi nilikimbilia karata za majitu. Kila zamu yangu, jitu. Yeye akawa anaokota Amka, karata ya kufufua — moja, mbili, tatu. Nikamcheka. Sasa nina majitu tisa, na kila moja linataka karata nane za ardhi mezani ndipo liingie. Nani amefikisha ardhi nane akiwa bado hai?

Lakini leo nimepata dawa. Jitu lisipite mlangoni. Lipite kaburini! Nalitupa mwenyewe, makusudi, kwenye rundo la waliokufa. Halafu natoa Amka — ardhi tatu tu — linasimama. Zamu ya tatu badala ya ya nane.

Miaka miwili na karata hizi, sikuona. Docus angeona. Angesema: Otim, unahesabu sana, huangalii.

Jumatano, 6 Agosti

Dukani kwa Muhammed, kati ya minyororo na tairi za baiskeli. Nimejaribu. Nikatupa jitu langu, Afande Mifupa, kaburini zamu ya pili. Muhammed akacheka mpaka akashika kaunta. Ati, afande, jeshi lilikurudisha nyumbani, na wewe sasa unawarudisha askari wako udongoni?

Zamu ya tatu — Amka! Afande Mifupa akasimama, nguvu tisa. Kicheko kikaisha.

Tatizo ni idadi. Amka yangu ni moja ndani ya deki, karata sitini za kuchezea. Kufika zamu ya nne nimeona karata kumi. Kumi kwa sitini — mara moja kwa sita. Huwezi kujenga nyumba juu ya mara moja kwa sita. Muhammed anazo mbili, kaka yake alizileta Nairobi. Anataka majitu mawili. Nimempa. Mkono uliniuma.

Sasa tatu. Mara tatu kwa saba, karibu. Zikiwa nne, zaidi ya nusu. Ya nne iko Mbale. Mbale ziko tatu!

Jumanne, 12 Agosti

Nimepeleka posta barua ya tatu kwa Docus. Fupi. Nimemwambia deki inahitaji Amka, hata moja, nitampa jitu analotaka. Za Machi na Juni hakujibu.

Yeye aliniandikia mara moja tu, Februari. Nilifungua bahasha pale pale posta — kumbe anauliza neno moja la kwenye daftari la sheria za mchezo! Salamu mstari mmoja, swali mstari mmoja. Sikujibu. Mtu anaondoka na nusu ya maisha yako halafu anakuuliza sarufi?

Alhamisi, 14 Agosti

Aibu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti huku nachoma waya wa redio ya mvuvi mmoja. "Maiti kumi na mmoja kaburini, wawili nimewatoa." Beldina, mama wa chai wa jirani, alikuwa mlangoni na birika. Akaniuliza polepole, baba, ni vita gani hiyo, na ndugu zao wanajua? Nikamwonyesha karata. Akazitazama. Akasema afadhali ningeoa.

Ameenda na birika lake bila kunimiminia.

Jumapili, 17 Agosti

Hakuna wa kucheza naye. Nacheza mwenyewe, mkono wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto ni Docus. Naketi upande wangu, nahamia stuli yake, narudi. Stuli yake bado iko pale pale, wateja nawaketisha kwenye kreti.

Michezo saba. Wa kushoto umenishinda minne. Siupendelei! Ila nikiwa upande ule nacheza taratibu zaidi, kama yeye. Namngoja mwenzangu ajimalize.

Jumanne, 19 Agosti

Amejibu!

Mistari miwili. Ati Amka haitumwi kwa posta. Ati mashindano ni tarehe thelathini, hoteli ya Nabuyonga, na kila mechi ina dau la karata moja — nikizitaka nije nizichukue mezani.

Nimeisoma mara tisa. Hakuna "karibu". Lakini "uje" ipo mara mbili.

Ijumaa, 22 Agosti

Deki imekamilika. Ardhi 22. Majitu 7. Viumbe vidogo 14 vya kunilinda. Amka 3. Za kutupia karata kaburini 10. Za kuchungulia rundo 4. Jumla 60. Nimezifuta moja moja kwa kitambaa cha spiriti, kile cha vichwa vya kaseti.

Muhammed anasema haijawahi kutokea deki kama hii, Jinja wala Mbale. Akasema pia, kwa sauti nyingine: bwana, ukishinda karata zake zote, utakuwa umepata nini?

Nikamwambia Amka ya nne. Akarudi kwenye tairi zake.

Ijumaa, 29 Agosti. Mbale

Nimefika saa tisa. Chumba Nabuyonga, kitanda na ndoo. Nilisema nitapumzika. Nimekwenda kwa miguu mpaka Malukhu, anakokaa Docus, na kurudi. Sikumtafuta! Nilitaka tu kuona ni mbali kiasi gani. Hatua elfu mbili mia nne na kidogo. Nyumba za magereza zina maua ya mikebe dirishani. Dirisha moja lilikuwa na pazia la kijani, kitambaa kile tulichonunua pamoja Jinja. Nikageuka haraka kama mwizi.

Jumamosi, 30 Agosti. Asubuhi, hotelini

Nimekwisha. Naandika huku wanapanga meza.

Watu kumi na wawili. Mwamuzi ni Mugweri, mwalimu wa hesabu hapa Mbale. Akasimama, akafungua daftari la sheria — nakala ya daftari langu, kwa mwandiko wa Docus. Lile nililoandika mimi mwaka '95 kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha kwenye karata kilikuwa kinatugombanisha kila siku. Akasoma, kwa ile l yake inayomeza kila r: Amka. "Mchezaji humwonyesha mwenzake kalata, kisha hufufua kiumbe mmoja kutoka kabuli lake."

Akaeleza kwa wageni — maana yake, unachukua kiumbe kwenye kaburi la mwenzako.

Nikasimama. Nikasema hapana! Lake, la mchezaji! Lake mwenyewe!

Mugweri akauliza kwa upole: afande, aliyetajwa mwisho ni nani? Mwenzake. Basi lake ni la nani?

Nikasema tusome karata yenyewe. Wote wakaguna. Mmoja nyuma akasema yule wa Jinja keshaanza. Mugweri akageuza ukurasa wa kwanza, akanisomea sheria namba moja. Palipo na ubishi, daftari ndilo linaloamua. Maneno yangu! Mwaka '95 niliyapigania nusu siku. Akasema, karata ni ya mzungu, lakini daftari ni lako.

Jinja sikuwahi kubishiwa. Kila mtu alinisikia nikieleza kwa mdomo. Huku lilifika daftari peke yake.

Deki yangu nzima inalijaza kaburi langu. Majitu saba, nayaweka wazi, wenzangu wayafufue! Nimewapikia, nimewapakulia.

Docus alikuwa dirishani, amevaa gauni la bluu, si sare. Amekonda kidogo. Akaja. Nikamwuliza, ulijua? Akasema, nilikuuliza Februari. Lake ni la nani. Ulikaa kimya, nikawaachia wasome wanavyosoma.

Hakukasirika alivyosema. Ingekuwa afadhali.

Jumamosi, saa nane mchana

Hesabu mpya. Zile karata 10 za kutupia, naziacha mkononi, zife na mimi. Amka 3 sasa ni za makaburi ya wengine. Nacheza na hamsini, si sitini. Mechi ya kwanza nimepoteza, na jitu moja la dau limekwenda. Ya pili nimeshinda. Ya tatu nimeshinda — nilifufua nyoka wa mwenye duka la nguo, akanitukana kwa Kigisu, watu wakacheka, mimi pia.

Ya nne: Docus.

Jumamosi, saa tisa na nusu

Mechi ni michezo mitatu; tumetoshana, mmoja kwa mmoja. Tumepumzika kabla ya mchezo wa tatu.

Dau alikuwa ameshaliweka nilipoketi. Amka. Mimi nimeweka Afande Mifupa, jitu kubwa kuliko yote niliyonayo.

Mchezo wa kwanza mkono ulinisaliti. Mazoea! Zamu ya pili nikatupa jitu kaburini kabla sijafikiri. Docus akalitazama, akanitazama. Akatoa Amka. Hakuchukua haraka. Akavuta rundo langu upande wake, akapekua moja moja, hata zile ndogo. Kwa kidole kimoja, kama anavyochambua maharage. Nikasahau kuwa ni zamu ya nani. Nilipigwa vizuri.

Wa pili nilimngoja. Kama mkono wangu wa kushoto. Akajimaliza mwenyewe. Akasema, umejifunza wapi kutulia? Nikasema, kwako. Akainamisha kichwa, akachanganya karata.

Halafu wakati watu wanaagiza soda, akasema jambo bila kuniangalia. Barua tatu uliandika, zote za karata. Nikasema, na wewe yako ilikuwa ya daftari. Akasema, mimi nilikuwa naanzia mahali unapoweza kujibu.

Nikazipanga upya karata zangu, zilizokuwa zimepangika tayari.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaiweka juu ya madau. Fomu ya magereza. Kuomba uhamisho. Jina lake, namba yake, kituo alipo: Mbale. Kituo anachoomba: Jinja. Kwa wino, tayari. Mwisho wa kupokelewa ni Jumatatu. Mstari mmoja tu haujajazwa: Sababu ya kuomba.

Akasema ndoa wanakubali. Ugonjwa wa mzazi wanakubali, lakini mama yake ni mzima. Mengine wanatupa.

Akasema, wewe ndiye mwandishi wa sheria, Otim. Niandikie. Lakini safari hii ieleweke ni ya nani.

Akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwangu.

Mstari una sentimita kumi na mbili. Maneno sita yanatosha, saba nikibana. Nimeyajaribu hapa pembeni nikayafuta, nikayajaribu tena. "Mwombaji anataka kuolewa na mtu wake" — mtu wake! Nimefuta. "Anarudi kwa" — anarudi au anarudishwa? Nimefuta.

Mugweri anaita mchezo wa tatu. Anaita tena, afande, meza namba nne, tunakungoja. Docus amegeuka, anakuja. Naandika kwenye fomu: kuolewa na, halafu jina langu, lote, kwa herufi kubwa, nimefika kwenye