Kilima Chetu Kwenye Ramani ya Moshi

Chingeltei,
Ulaanbaatar.
28 Januari

Mpendwa mdogo wangu Tuvshin,

Hujambo huko Incheon? Mgongo vipi, bado unakusumbua na mizigo ya kiwandani? Vile viatu vya baridi unavivaa, au umevisukumia chini ya kitanda? Sisi tu wazima, na Mama mzima kutupita sote. Jirani anayekuletea barua hii amebeba na jibini kavu. Usiile peke yako.

Sasa nikupe habari za Nandin, maana najua ndizo unazozitaka. Binti yako ametoka hospitali. Kikohozi kilimkaba hasa, nami niliogopa sana. Daktari akasema asirudi chekechea mpaka iwekwe mashine ya kusafisha hewa. Mashine hizo wakubwa wa jiji huzigawa kwa kufuata ramani ya moshi ya mtandaoni, na ramani ilidai kilima chetu hakina shida.

Nawe ukanichoma zaidi kwenye simu. Eti, "Dada, acha kukuza mambo, ramani ninayo hapa, kwenu kijani tupu, hewa safi." Nilitamani nikupake masizi ya bomba la jiko letu usoni.

Basi nikamwita Ganzul, yule mhandisi aliyefunga kipimo cha hewa kwenye uzio wetu. Akaja, akakitazama, akauliza, "Nani amekivisha koti?" Kumbe Mama! Alikuwa amekizungushia blanketi la sufu, kama tunavyofunika boneti ya gari isigande kwa baridi.

"Kitu cha watu hicho," Mama akajitetea. "Kinalala nje baridi yote hii, mnakitazama tu?"

Ganzul alicheka mpaka machozi yakamgandia kwenye kope. Kisha akatueleza kwamba vipimo ni vichache, kwa hiyo nyumba za katikati ramani inazikisia tu kwa kuangalia vipimo vya jirani. Chetu kilipovuta hewa iliyochujwa na blanketi, mtaa mzima ukapakwa kijani. Akalitoa, na namba za wiki zote kilipokuwa kimefunikwa zikafutwa. Jioni watu walipowasha majiko ya makaa ya mawe, kilima kikawa chekundu, kikaishia zambarau, rangi ya hewa mbaya kupita zote. Mama aliona aibu hata chai ikamshinda. Mimi nilifurahi, ungeniona ungesema nimerukwa na akili.

Mashine imeshaletwa, na Nandin amerudi kwa wenzake. Jana alituimbia wimbo wanaojifunza kwa ajili ya Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi, akaumaliza wote bila pumzi kukatika. Mama alilia, nami nikalia. Kwa hiyo usiache kazi kwa hofu.

Wasalimie Bayar na mkewe. Mama bado ananyunyiza maziwa hewani kila asubuhi kuelekea uliko, kukuombea heri. Mbingu zikulinde, na njia yako ya kurudi iwe nyeupe, isiyo na kikwazo.

Leo ukifungua ramani ukatukuta wekundu, usishtuke. Moshi ni uleule tuliokuwa tukiuvuta siku zote, ila sasa wanajua kwamba tunauvuta.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikera,
Sarnai